Fueli Yabisi ya Roketi na Shida ya Kuiboresha
(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, Mji Mkongwe, Unguja)



Ndugu Katibu amenipa dakika kumi, na wanaonijua wanafahamu kuwa hizo hunitosha kusafisha koo tu. Ameniambia pia kuwa vijana wa klabu ya sayansi waliomba ruhusa ya kurusha roketi ya baruti hapa uwanjani, na Mwalimu Mkuu akawakatalia. Mimi niko upande wa Mwalimu Mkuu. Lakini kijana akikatazwa bila ya kuelezwa, huenda akafanya kwa siri. Najua, maana mimi nilifanya.

Wenzangu wa darasa wanakijua kisa cha mkono wangu huu wa kushoto. Ilikuwa mwaka 1962. Kisiwa kizima kilikuwa kikizungumza habari za Tunguu, ambako Wamarekani walikuwa na kituo cha kufuatilia vyombo vyao vya Mercury. Barazani ilisemwa kuwa pale pamefichwa makombora ya vita. Kumbe hapakuwa na kombora hata moja. Palikuwa na antena na mitambo ya redio, ya kusikiliza na kuzungumza na chombo kikipita juu ya bahari yetu. Tarehe 20 Februari mwaka ule John Glenn aliizunguka dunia mara tatu, na Zanzibar ilikuwa moja ya vituo vilivyomfuatilia. Kituo kilifungwa mwaka 1964, baada ya Mapinduzi.

Basi sisi watatu tukaona na sisi tuwe na roketi yetu. Tukaiwasha ufukweni magharibi moja. Haikupaa, ilipasuka, na mimi nikarudi nyumbani nikiwa na vidole vitatu katika mkono huu. Mama yangu, Mungu amrehemu, hakunigombeza. Alikaa kimya siku mbili, na hilo lilikuwa zito zaidi.

Nilifahamu sababu miaka mingi baadaye, nilipokuwa nikisomesha kemia. Fueli yabisi huungua pale tu penye uso ulio wazi. Ikiwa ndani yake mna ufa au kipovu cha hewa, moto hupata uso mpya, gesi huongezeka ghafla, na gamba halistahimili. Nanyi mnajua jinsi halwa inavyopikwa: hukorogwa mpaka mikono ichoke, kisha humiminwa ikaganda. Fueli ya roketi kubwa nayo hukorogwa ikawa nzito na kumiminwa ndani ya gamba lake, ikaachwa igande. Kipovu katika halwa hakimdhuru mtu. Katika roketi, ndicho kilichochukua vidole vyangu. Ndiyo maana viwandani kila kipande hupigwa picha za eksirei kama mgonjwa wa kifua.

Mtauliza, kwa nini basi itumike? Kwa sababu hukaa miaka ikingoja, na ikiamrishwa huwaka papo hapo. Roketi iliyompandisha Glenn ilikuwa ya fueli ya maji, lakini zile tatu ndogo zilizompunguzia mwendo ili arudi duniani zilikuwa za fueli yabisi. Zilikaa karibu saa tano angani, katika jua kali na kivuli cha baridi, na zisingewaka asingerudi wakati wake. Aibu yake ni moja: ukishaiwasha huwezi kuizima.

Sasa kuiboresha. Mwaka 1942, huko California, Jack Parsons alichanganya lami na chumvi yenye oksijeni. Ilikuwa hatua kubwa, lakini lami ni lami: juani hulainika, kwenye baridi hupasuka. Wakaja waliotumia mpira wa viwandani badala ya lami, na katika miaka ya 1950 ikaongezwa unga wa alumini, nguvu ikapanda. Tangu hapo, roketi nyingi kubwa hutumia mambo yale yale matatu: mpira, alumini na perklorati ya amoniamu. Zaidi ya miaka sitini! Si kwamba wataalamu wamelala. Kila anayeongeza nguvu hudaiwa kitu kingine.

Tazameni jirani zetu. Kaskazini ya Malindi, Kenya, Waitaliano walisimamisha jukwaa la San Marco baharini, na kati ya 1967 na 1988 roketi tisa za Scout zilipeleka setilaiti kutoka pale. Scout ilikuwa na hatua nne, zote za fueli yabisi. Tarehe 12 Disemba 1970 ilirusha setilaiti iliyopewa jina la Uhuru, iliyochunguza eksirei za nyota. Roketi ya tani zisizopungua 15 kwa setilaiti ya kilo 140 hivi! Hapo mtaona kwa nini watu wanatafuta fueli bora.

Na perklorati ina madeni yake. Moshi wake una asidi ya hidrokloriki. Ikiingia katika maji ya kunywa huisumbua tezi ya shingo. Tarehe 4 Mei 1988 kiwanda cha perklorati huko Henderson, Nevada, kiliripuka. Watu wawili walikufa na mamia wakajeruhiwa.

Mbadala upo. Wasovieti walitengeneza chumvi iitwayo ADN katika miaka ya 1970, isiyo na klorini na yenye nguvu zaidi. Lakini hunyonya maji ya hewani. Sisi watu wa Unguja hatuhitaji kufundishwa hilo: kila nyumba ina kikopo cha chumvi kinacholowana wakati wa masika, na kila mwenye karafuu anajua mbio za kukunja majamvi wingu likitanda. Mchanganyiko mwingine una nguvu ajabu, ila huripuka ukigongwa. Mwengine ni salama, lakini bei yake haishikiki.

Mwalimu Mkuu amenikubalia jambo moja, nami namshukuru. Jumamosi ijayo, saa mbili asubuhi, nitakuwa hapa uwanjani na vijana wa klabu. Tutarusha roketi za maji na hewa ya pampu ya baiskeli, na tutapima kila moja imepaa kiasi gani. Waje na chupa za plastiki, madaftari, na nguo za kubadilisha.