Makovu ya Chini ya Bahari: Jinsi Bukini Ilivyoachana na Afrika

Usiku wa tarehe 12 Agosti mwaka 2020, yapata saa mbili na robo, wakazi wengi wa majumba ya ghorofa jijini Dar es Salaam walitoka nje mbio. Ardhi ilikuwa imetikisika, na mtikisiko huo ulisikika Unguja na hata Mombasa. Lilikuwa tetemeko la ukubwa wa takriban 6, na kitovu chake kilikuwa baharini, kusini-mashariki ya jiji. Tsunami haikufuata. Lakini watu waliozoea kuhusisha matetemeko na Bonde la Ufa, huko Ziwa Tanganyika au Oldoinyo Lengai, walibaki na swali: je, pwani nayo imeingiliwa na nini?

Jibu limeandikwa kwenye sakafu ya bahari, na mwanzo wake ni wa zamani kuliko bahari yenyewe.

Kisiwa cha Madagaska, ambacho mabaharia wa Uswahilini walikiita Bukini, hakikuwa kisiwa tangu awali. Kilikuwa kipande cha bara kubwa la kale liitwalo Gondwana, lililounganisha Afrika, Bara Hindi, Australia, Antaktika na Amerika ya Kusini. Kwa muda mrefu wataalamu walibishana kuhusu mahali kilipobandikwa. Wako waliosema kiling'oka Msumbiji, ng'ambo ya pili ya mlango wa bahari, kwa kuwa ndiko karibu. Wako waliodai hakijasogea hata kidogo. Mjiolojia wa Afrika Kusini, Alex du Toit, katika kitabu chake cha mwaka 1937, alikiweka mbali zaidi kaskazini, ubavuni mwa Tanzania na Kenya. Wakati huo, dhana yenyewe ya mabara kutembea ilidharauliwa na wengi.

Aliyempa haki du Toit ni bahari. Pale ambapo mabamba mawili ya gamba la dunia yanaachana, mwamba ulioyeyuka hupanda kutoka chini, hupoa na kuwa sakafu mpya. Ukipoa, chembe za madini ya chuma zilizomo hujipanga kufuata sumaku ya dunia ya wakati huo. Na kwa kuwa sumaku ya dunia imegeuka mara nyingi, kaskazini ikawa kusini na kusini ikawa kaskazini, sakafu ya bahari hutokea na milia kama ya kikoi, inayolingana kila upande wa ufa uliozaa miamba hiyo. Meli inayokokota kipima-sumaku huweza kuisoma milia hiyo hata ikiwa imefunikwa na tope la maelfu ya mita.

Mwaka 1983, wanasayansi Rabinowitz, Coffin na Falvey walitangaza kwamba wameisoma milia hiyo katika bonde la bahari lililo kati ya Kenya, Somalia na Madagaska. Milia ilielekea mashariki na magharibi. Maana yake ni kwamba bahari ilifunguka kwa kuvutwa kaskazini na kusini: Bukini iliteleza kuelekea kusini, kuanzia miaka ipatayo milioni 165 iliyopita, na ikatulia mahali ilipo miaka ipatayo milioni 120 iliyopita. Ufa ulioizaa bahari hiyo ukafa, ukazikwa na tope.

Kitu kinachoteleza huacha mkwaruzo. Katika Mlango wa Bahari wa Msumbiji kuna mgongo mrefu wa milima ya chini ya maji, Mgongo wa Davie, unaokwenda takriban kaskazini na kusini, ambao kwa miaka mingi ulitajwa kuwa ndiyo njia aliyopita msafiri huyo. Miamba iliyozolewa juu yake ilikuwa na mawe ya asili ya bara, si ya volkano za baharini pekee, kana kwamba vipande vya bara vilidondoka njiani. Hata hivyo, sayansi haikulala. Mwaka 2016 watafiti wa Kijerumani walieleza kwamba huko kaskazini, mbele ya Tanzania na Kenya, hawakuona ushahidi wa njia hiyo kuendelea. Mwaka huo huo watafiti wengine, wakitumia vipimo vya mvutano wa dunia vilivyochukuliwa na setilaiti, walionyesha kwamba makovu ya bonde hilo yamepinda: kisiwa kilianza safari kwa kwenda upande wa kusini-kusini-mashariki, kisha kikageuza mwendo na kwenda kusini moja kwa moja. Setilaiti haioni chini ya maji, bila shaka. Inapima tu jinsi uso wa bahari unavyovimba kidogo juu ya mlima uliozama, maana mlima huvuta maji.

Sasa turejee kwenye tetemeko. Bonde la Ufa la Afrika Mashariki halikomei nchi kavu. Mwaka 1986, katika jarida la Nature, watafiti walieleza juu ya bonde jembamba lililodidimia mbele ya kaskazini ya Msumbiji na kusini ya Tanzania, nalo wakaliita Kerimba, kwa jina la visiwa vya jirani. Bonde hilo ni changa, na limekatika kando ya Mgongo wa Davie. Bamba la Somalia linaachana na Afrika iliyobaki kwa milimita chache kila mwaka, na palipokatika zamani ndipo hukatika tena kwa urahisi.

Mashariki zaidi, watu wa Mayotte waliyajua haya kwa taabu. Tangu Mei 2018 kisiwa chao kilitikisika miezi mfululizo, na wengi walilala nje kwa hofu. Mwaka mmoja baadaye meli ya utafiti ikagundua, kilomita 50 mashariki ya kisiwa, volkano mpya yenye urefu wa mita 820, kwenye kina cha mita 3,500. Ilipewa jina la Fani Maoré.

Kwa Tanzania na Msumbiji suala hili lina uzito wa fedha pia. Gesi asilia iliyogunduliwa kwenye bahari ya kina kirefu tangu mwaka 2010 imo ndani ya mchanga ulioletwa na mito kutoka barani na kutandazwa juu ya sakafu hiyo hiyo yenye makovu. Mabomba ya kuifikisha nchi kavu hulazimika kupanda miteremko mikali ya chini ya maji, katika eneo ambalo usiku ule wa Agosti lilionyesha kwamba bado linasogea.