Tumba Kubwa Isiuzwe kwa Kimo

Kuna biashara isiyo na soko lake wala siku yake, lakini haikosi kuendelea hapa Nyeri, Karatina, Nanyuki na miji mingine inayouzunguka Mlima Kenya. Ni biashara ya ngoma za mtumba aina ya tumba, na leo nasema na wale wanaouza na kununua zilizo kubwa kupita kiasi. Bendi ya hotelini imevunjika, au kwaya imepata kinanda cha stima, tumba ikawekwa stoo na kulaliwa na magunia. Siku moja inapanguswa vumbi, inapigwa picha, na mwenye nayo anatangaza kwamba kubwa kama hii hutapata tena. Hapo hadanganyi. Ila bei anayotaja ameipima kwa kimo, na hapo ndipo ninapogombana naye.

Tumba hupimwa kwa upana wa mdomo. Ndogo ina inchi 11, ya kati inakaribia 12, kubwa ya kawaida ni 12 na nusu. Inayowatoa watu macho ni ya inchi 14. Ukiiweka kando ya ile ndogo utaona imezidi inchi tatu tu, lakini ngozi iliyowambwa juu yake imezidi kwa asilimia 60 hivi. Sasa mpigaji aliyezoea sauti kali hushika spana, akaikaza ile kubwa mpaka ilie kama ndogo. Kwa ngozi ya unene ule ule, mdomo wa ngoma hapo unabeba mvuto mara mbili ya ule wa tumba ndogo. Mbao huachana kwenye gundi, pete ya chuma hupinda, kulabu hunyooka. Ukikuta tumba ya inchi 14 ina ufa, usiharakishe kumlaumu aliyeiunda.

Nasema basi kwamba bei iko kwenye chuma na kwenye mdomo. Wanunuzi wetu wanakodolea ngozi. Ikiwa imechanika wanakata bei nusu, na muuzaji anakubali kwa aibu, kumbe ngozi ndicho kitu rahisi kuliko vyote. Mwanamuziki wa London huagiza ngozi ya inchi 14 kiwandani. Huku kwetu ng'ombe wanachinjwa kila siku, na ngozi ya ng'ombe mmoja inatoa vipande kadhaa vya ukubwa huo. Fundi anailoweka, anakwangua manyoya, anaiwamba ikiwa bado laini na kuiacha ikauke kivulini, taratibu. Lakini skrubu za tumba iliyotoka Marekani mara nyingi hufuata vipimo vya inchi, na nati utakayouziwa dukani huenda ikawa ya milimita. Mafundi wa jua kali watakuchongea, ndiyo, ila jiandae kubadilisha zote kwa pamoja.

Vyuma hivyo havikuwepo tangu mwanzo. Tumba ilizaliwa Kuba, mikononi mwa watu waliochukuliwa utumwani kutoka Kongo na wazao wao. Ngozi ilipigiliwa misumari, na ilipolegea ikapashwa moto. Mitambo ya kukazia ilienea katikati ya karne ya 20. Marekani ilipoiwekea Kuba vikwazo, tumba za Havana zikaadimika New York, ndipo mwaka 1964 Martin Cohen akaanzisha kampuni ya Latin Percussion. Wakati huo mdundo wenyewe ulikuwa umesharudi Afrika kwa santuri, ukashikwa na bendi za Kongo, na wanamuziki wa Kongo wa Super Mazembe na Les Mangelepa wakaufanyia makao Nairobi miaka ya 1970. Kisha mugithi ya mtu mmoja na gitaa lake ikamshusha mpiga tumba jukwaani. Sina ugomvi na mugithi, lakini ndiyo iliyojaza stoo zetu.

Leo mnunuzi mkubwa ni kanisa. Wakorino hawakusubiri ruhusa ya mtu, ngoma wanayo tangu enzi za wazee wao wa miaka ya 1920. Wakatoliki walifunguliwa mlango na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliokubali mwaka 1963 ala za wenyeji ziingie katika ibada. Shule nazo hutafuta ngoma tamasha la muziki likikaribia. Kwa kwaya nina neno moja: tumba ya inchi 14 ikiwa peke yake ndani ya kanisa la mawe hunguruma mpaka maneno ya wimbo yanapotea. Itafutieni wenzake wawili wadogo, au msiinunue. Na kama mnachotaka ni ngoma ya kutikisa uwanja, zungukeni mlima mpaka Chuka, mkawasikilize kwanza wapigaji wa zile ngoma ndefu zinazobanwa mapajani. Huenda pesa za harambee zikaishia huko huko.

Ukiamua kununua, nenda na tochi. Igeuze ngoma uchungulie ndani: unga wa bungua unaonekana, na ufa unaonekana. Pitisha kidole ukingoni mwa mdomo wote, kwa sababu pale palipobonyea ngozi haitakaa sawa hata ikiwa mpya. Legeza kila skrubu na uikaze tena mbele ya mwenyewe. Usinunue mwezi wa Julai kabla hujaikaza, maana baridi na ukungu wa gathano hulegeza ngozi, na tumba nzima inaweza kusikika mbovu. Nauli ihesabu mapema pia. Konda wa matatu akiiona atakudai ya kiti kizima.

Na wewe unayeuza, spana yake iko wapi? Itafute stoo kabla hujapiga picha, uiuze pamoja na ngoma.