Kibali cha Biashara Si Ruhusa ya Kumwaga Maji Taka

Maelezo ya ofisa wa habari wa kaunti kwa wenye viwanda, mafundi wa jua kali na wakazi



Swali tunaloulizwa sana ofisini ni hili: "Kibali cha biashara nimelipia kaunti. NEMA wanataka nini tena?"

Jibu ni fupi. Kibali cha biashara kinakuruhusu kufungua mlango na kuuza. Hakikuruhusu kumwaga maji yenye kemikali mtoni wala kupeleka moshi kwenye dirisha la jirani. Mambo hayo yana leseni zake, na nyingi hutolewa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMA, chini ya Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999.

Asiyeona umuhimu wa karatasi hizi akumbuke Owino Uhuru, kule Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwekwa ubavuni mwa makazi ya watu. Madini ya risasi yakasambaa, na wakazi, wakiwemo watoto, wakapatikana na sumu hiyo katika damu. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Wakazi, pamoja na mwanaharakati Phyllis Omido, walikwenda kortini, na Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikaagiza walipwe shilingi bilioni 1.3. Rufaa zilifika Mahakama ya Juu, ambayo Desemba 2024 iliunga mkono fidia hiyo. Mashirika ya serikali yaliyozembea nayo yalibebeshwa sehemu ya malipo. Lakini pesa haimrudishii mtoto afya yake.

Sasa tufuate utaratibu, hatua kwa hatua.

Kwanza, kabla ya kuchimba msingi, fanya tathmini ya athari kwa mazingira. Ripoti huandaliwa na mtaalamu aliyesajiliwa na NEMA, kwa hivyo kabla ya kumlipa mtu yeyote, hakikisha amesajiliwa. Mradi mdogo huhitaji ripoti fupi; mradi wenye hatari kubwa huhitaji uchunguzi kamili na mikutano ya wananchi. Usianze ujenzi kabla ya kupata leseni.

Pili, angalia maji taka yako yanaelekea wapi. Yakiingia kwenye bomba la maji taka la mji, unahitaji idhini ya kampuni ya maji, na huenda ukatakiwa kuyasafisha kwanza. Yakienda mtoni, baharini au ardhini, omba leseni ya NEMA ya kumwaga maji taka. Maji hupimwa katika maabara inayotambuliwa, na leseni hiyo ni ya mwaka mmoja. Usingoje iishe ndipo ukumbuke.

Tatu, moshi. Wenye matanuri na boila waulize kuhusu leseni ya utoaji wa hewa chafu, chini ya Kanuni za Ubora wa Hewa.

Nne, taka ngumu na oili chafu. Mpe msafirishaji mwenye leseni ya NEMA, na uweke stakabadhi. Ukimpa mwenye mkokoteni asiye na leseni, taka zikapatikana kwenye mtaro, utatafutwa wewe.

Tano, kila mwaka fanya ukaguzi wa mazingira na uwasilishe ripoti. Hapo ndipo inapoonekana kama yale uliyoahidi katika tathmini unayatekeleza.

Kaunti nayo ina wajibu wake. Jedwali la Nne la Katiba limetukabidhi udhibiti wa uchafuzi wa hewa, kelele na kero nyingine za umma. Kwa mashine zenye kelele, anzieni ofisi yetu ya mazingira.

Wakazi, nanyi msikae kimya. Mkutano wa maoni kuhusu kiwanda ukitangazwa, nendeni. Ulizeni: maji yatapita wapi? Moshi utaelekea upande gani? Nani atapima, na lini? Ni rahisi kuuliza kabla bomba halijafukiwa. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na Kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda mahakamani bila kulazimika kuonyesha kwamba kuna mtu aliyekwisha kuumia. Asiyeridhika na uamuzi wa NEMA kuhusu leseni, awe mwekezaji au jirani, anaweza kwenda katika Mahakama Maalum ya Kitaifa ya Mazingira. Muda ni siku 60, kwa hivyo usilaze damu.

Viwanda tunavihitaji, na vijana wetu wanahitaji kazi. Lakini wanaofanya kazi kiwandani ndio hao hao wanaolala jirani nacho na kuteka maji chini yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kabla ya kununua mashine, pitia ofisi ya NEMA ya kaunti na ofisi yetu ya mazingira, uulize ni leseni zipi zinazokuhusu.