Mgeni ni Nani? Kumsoma Mahmood Mamdani Tukiwa Kitendaguro, Kagera



Ukikutana na mzee wa Kihaya kwa mara ya kwanza, salamu haijakwisha atakuuliza ukoo wako, kisha muziro wako, yaani kile ambacho ukoo wenu hauli. Kitambulisho hakitaki. Akishaujua muziro, huenda akakuita mjukuu hata kama umetokea Ankole, maana koo zetu hazikuwahi kusimama mpakani Mutukula kugongewa muhuri. Mwanazuoni ninayemjadili leo, Profesa Mahmood Mamdani, amekuwa akiuliza swali la mzee huyu kwa upande wa dola: nani anaamua kwamba huyu mwenyeji na yule wa kuja?

Siku hizi wengi mnalisikia jina hilo kwa ajili ya mwanawe Zohran, meya wa New York. Baba naye ana mkasa wake. Alizaliwa Bombay mwaka 1946, akakulia Kampala. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia, naye alifukuzwa, akaenda Uingereza akiwa mkimbizi. Mwaka uliofuata akaja kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Amin alipoangushwa alirudi kwao, lakini baadaye serikali ya Obote ikamvua uraia akiwa safarini. Mtu wa namna hiyo haandiki juu ya uraia kwa udadisi tu.

Kitabu chake kinachotugusa zaidi ni When Victims Become Killers cha mwaka 2001. Anaeleza kuwa Watutsi waliokimbia Rwanda kuanzia 1959 walizaa na kuzeekea Uganda, na vijana wao wakapigana msituni pamoja na Museveni. Mwaka 1990 Uganda ikarudia kupima uraia kwa nasaba. Tarehe 1 Oktoba mwaka huohuo vijana hao, sasa wapiganaji wa RPF, wakavuka Kagitumba, kwenye pembe ambako nchi tatu zinakutana, jirani na Murongo yetu. Hoja ya Mamdani ni kwamba watu hao walikuwa wakirudi kwao na, papo hapo, wakisukumwa watoke. Vita na mauaji ya kimbari yaliyofuata vilitufikia na sisi: mwishoni mwa Aprili 1994, takriban watu 250,000 walivuka Rusumo ndani ya saa 24, wakapiga kambi Benaco, Ngara.

Kuhusu dini, katika Good Muslim, Bad Muslim (2004) alikataa siasa za mtu zielezwe kwa imani yake. Nakubaliana naye, ila naona aliitazama dini kama jina ambalo dola humbandika mtu, akaipita parokia bila kubisha hodi. Kagera dini ndiyo mhamiaji aliyefanikiwa kuliko wote. Wamisionari Wakatoliki wa White Fathers walifika Kashozi mwaka 1892 wakipitia Uganda. Waprotestanti wa kwanza wa Kihaya walijifunzia imani hukohuko. Uamsho uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukavuka hadi kwa Walutheri wa Bukoba. Leo nani anaihoji Kashozi uraia?

Binadamu waliopita njia hizohizo ndio wanaohojiwa. Mwaka 2001 serikali ilitangaza kwamba Jenerali Ulimwengu, mwandishi aliyewahi kuwa mbunge, si raia. Katika orodha hiyohiyo alikuwamo mwenyekiti wa CCM wa mkoa wetu. Mwaka 2013 ikaja Operesheni Kimbunga ya kuwaondoa wahamiaji haramu, na watu waliokuwa na migomba ya miaka mingi wakafunga virago. (Kama nasaba ndiyo kipimo, tuanze na Wahinda na Wababito waliotutawala, maana nao masimulizi yetu yanasema walitoka kaskazini.)

Sheria yenyewe ina ugumu wake. Siku ya Uhuru mwaka 1961, aliyezaliwa Tanganyika alikuwa raia moja kwa moja iwapo angalau mzazi wake mmoja naye alizaliwa humu. Sasa mzazi wa kibarua wa kahawa, aliyezaliwa mwaka 1925 kibandani, cheti atakitoa wapi? Mara nyingi karatasi pekee inayomtaja ni ukurasa wa daftari la ubatizo: jina, wazazi, kijiji, msimamizi, wino umeshageuka rangi ya kutu.

Kwa hiyo naomba jambo moja kwa maparoko, wachungaji, mashehe na walimu wa vyuo waliomo humu. Tuyapige picha madaftari hayo, na pale msikitini ambako daftari halipo, tuandike ushuhuda wa wazee wakiwa wangali hai. Mchwa hawatusubiri.