Simu ya Mkononi katika Biashara na Mawasiliano ya Ukoo

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa ukoo, Longbridge, Birmingham)



Naishukuru kamati kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie jinsi vyombo vipya vya mawasiliano vinavyoweza kuwafaa wale miongoni mwetu wafanyao biashara, pamoja na wale waliokabidhiwa habari za ukoo.

Niruhusuni nianze na mahali tulipokutanika. Herbert Austin alianzisha kiwanda chake cha magari hapa Longbridge mwaka 1905. Kampuni ya MG Rover ilipoanguka mwezi Aprili 2005, watu wapatao 6,000 walipoteza kazi, na wauzaji wa vipuri waliokitegemea kiwanda hicho wakayumba nao. Nalitaja hili kwa sababu tarehe 4 Oktoba 2021 WhatsApp, Facebook na Instagram zilizimika pamoja kwa muda wa saa sita hivi, na mfanyabiashara aliyekuwa na wateja wake wote humo hakuwa na njia ya kuwafikia. Kwa hiyo nawasihi binti zetu wanaoshona nguo na kupika kwa oda: andikeni majina na nambari za wateja katika daftari. Daftari la karatasi, ndiyo, msicheke.

Picha ya bidhaa iwekwe pamoja na bei yake. Hii desturi ya "njoo inboksi" naiona sawa na kumfungia mgeni mlango.

Huko nyumbani, tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwezi Machi 2007 na Tanzania mwaka 2008, hata muuza samaki hulipwa kwa simu. Lakini ujumbe wa malipo waweza kughushiwa. Muuzaji atazame salio lake mwenyewe kabla ya kuutoa mzigo.

Lililo zito zaidi ni mfuko wetu wa misiba. Katika nchi hii wazazi wengi wamekwisha kutapeliwa kwa ujumbe utokao nambari ngeni, mwandishi akidai kuwa ni mtoto wao aliyepoteza simu. Habari ya msiba wetu huenea kwa dakika chache, na tapeli akiipata hahitaji zaidi ya jina la marehemu. Napendekeza mweka hazina asitume hata shilingi moja mpaka apige nambari ya zamani na kuisikia sauti anayoijua. Wapo watakaosema ni ukatili kumhoji mfiwa. Mimi nasema simu hiyo ndiyo rambirambi ya kwanza.

Matangazo nayo yawe na kundi lake, ambamo wasimamizi pekee huandika. Jambo hilo limewezekana katika WhatsApp tangu mwaka 2018. Na kila tangazo lisomwe pia kwa sauti, kwa ajili ya bibi zetu wasiosoma.

Hoja ya mfuko naiweka mbele ya kikao. Mweka hazina yupo, nami naomba ipigiwe kura kabla ya chakula.