Mali Bila Daftari

(Hotuba fupi iliyotolewa Mkange mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa)



Nimepewa dakika chache nizungumzie jambo ambalo wengi huliona la kupoteza wakati: kukusanya picha za wanamichezo zilizotiwa saini zao wenyewe.

Huko Marekani hii ni biashara kubwa. Mchezo wao wa besiboli una kadi ndogo zenye picha za wachezaji. Zamani zilitiwa ndani ya pakiti za sigara. Kadi moja ya Mickey Mantle, iliyochapwa mwaka 1952, iliuzwa mwaka 2022 kwa dola milioni 12.6. Palipo na fedha wajanja hawakosi. Katika miaka ya 1990 wapelelezi wa FBI waliwaandama waghushi wa saini za wanamichezo. Ndiyo maana mnunuzi makini huuliza kwanza: saini hii ilitiwa lini, wapi, na mbele ya nani?

Sisi kadi hatukuwa nazo, lakini mashujaa tunao. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, Filbert Bayi alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akavunja rekodi ya dunia. Mwaka 1980, huko Moscow, yeye na Suleiman Nyambui walijipatia kila mmoja medali ya fedha ya Olimpiki. John Stephen Akhwari alimaliza marathoni ya Mexico mwaka 1968 akichechemea, mguu umefungwa bendeji. Picha zao zilizotoka magazetini ndizo kadi zetu.

Hata hivyo, saini peke yake haitoshi. Sisi tuliozoea masjala twajua kuwa barua isiyo na tarehe wala namba ya kumbukumbu haimsaidii mtu. Babu akifariki, mjukuu akakuta sandukuni picha yenye mkwaruzo wa kalamu tu, ataifungia karanga.

Kwa hiyo, vijana, mkipata saini andikeni nyuma ya picha, kwa penseli laini, jina, tarehe, mahali na shahidi. Msiibandike kwa gundi, wala msiitundike juani, kwani wino hupauka. Unyevu wa pwani na mchwa mnavijua; itieni kwenye bahasha, ndani ya kasha lenye kifuniko, mbali na ukuta.

Tena msingoje mashujaa wa mbali. Anzeni na timu ya shule: picha moja kila mwaka, saini za wachezaji wote, majina kamili nyuma. Hatujui ni nani kati yenu atakayekimbia kama Bayi. Akitokea, ushahidi kwamba alianzia hapa uwe kabatini, usiwe jambo la kubishaniwa barazani.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.