Kutoka Uccle hadi Nyiragongo: Sayansi ya Kupima Mwinamo wa Ardhi

Fundi mwashi akitaka kujua kama ukuta umesimama wima hutumia timazi. Akitaka kujua kama sakafu imelala sawa hutumia pimamaji. Vifaa hivyo humtosha anayejenga nyumba. Havimtoshi anayetaka kujua kama mlima umeinama kwa kiasi kisichoonekana kwa macho.

Katika eneo la Uccle, kusini mwa Brussels, kipo kituo cha kifalme cha uchunguzi wa anga cha Ubelgiji. Mwishoni mwa miaka ya 1950, wanasayansi wawili wa kituo hicho, Jean Verbaandert na Paul Melchior, walitengeneza kipima-mwinamo kilichokuja kutumika katika nchi nyingi.

Siri yake inafanana na mlango uliofungwa kwenye mwimo ulioegemea kidogo. Mlango huo haungoji kusukumwa. Huzunguka wenyewe ukitafuta mahali pa chini kabisa. Mwimo ukiinama kidogo tu, mlango husogea sana. Ndivyo ulivyofanya kazi ufito mwembamba wa kwatsi, ulioning'inizwa kwa nyuzi chini ya ardhi, mbali na mabadiliko ya joto na mtikisiko wa magari. Mwali wa taa uliakisiwa na kioo kidogo hadi kwenye karatasi ya picha, na kila mwendo ukaandikwa.

Digrii moja ya pembe ina sekunde 3,600. Kifaa hicho kilitambua sehemu moja ya elfu ya sekunde moja: ni kama kuinua ncha ya ubao wenye urefu wa kilomita 1,000 kwa milimita 5 hivi. Vipimo vya namna hiyo viliwawezesha wataalamu kufuatilia jinsi mwezi na jua vinavyoivuta ardhi ngumu, ambayo nayo hujaa na kupwa kama bahari.

Siku hizi vipima-mwinamo vya kielektroniki hufungwa kwenye mabwawa, madaraja na mitambo mikubwa. Hufungwa pia kwenye volkano. Huko Kilauea, Hawaii, mlima huvimba mawe yaliyoyeyuka yanapojikusanya ndani yake, nao mwinamo hutoa onyo mapema.

Lakini si kila mlima hubisha hodi. Tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo, mashariki mwa Kongo, ulipasuka na kumwaga lava kuelekea Goma kwa muda wa saa sita hivi. Zaidi ya watu 30 walipoteza maisha. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2022, ulioshirikisha wataalamu wa Goma, wa Luxembourg na wa jumba la makumbusho la Afrika huko Tervuren, kando ya Brussels, ulieleza kuwa yaelekea kuta za mlima wenyewe zilivunjika, bila dalili za wazi zilizotangulia.

Hata hivyo, vyombo havikuwa bure. Baada ya mlipuko, mitetemo na mwendo wa ardhi vilionyesha mawe yaliyoyeyuka yakipenya chini ya Goma na Gisenyi hadi chini ya Ziwa Kivu, kwa umbali wa kilomita 25, katika kina kisichofika mita 500. Tarehe 27 Mei wakazi wa mitaa kadhaa ya Goma waliamriwa kuondoka, na watu wapatao 400,000 walihama.

Kipima-mwinamo hujibu swali moja tu: je, ardhi imeinama? Kwa mkazi wa Goma, usalama unategemea vyombo vya aina nyingi, visivyozimwa hata siku moja, na watu wa kuvisoma usiku na mchana.